Trei ya dharura: lakiri badala ya kufuli, na hesabu ya kila ampuli

*“Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi katika kituo cha afya cha binafsi, Tanzania Bara. Tuna vitanda 20 na leba. Wiki mbili zilizopita tulikaguliwa. Kwenye trei ya dharura mkaguzi alikuta adrenalini ampuli mbili, zote zimepita muda. Magnesiamu salfeti ilikuwa imeandikwa ‘ampuli 4’, kumbe kila moja ni ya gramu moja. Diazepamu zilikuwa saba, leja inasema tano. Sasa mmiliki ameagiza dawa zote za dharura zihamie stoo ya famasi, zifungwe kwa kufuli, na ufunguo abaki nao mteknolojia dawa, ambaye huondoka saa kumi jioni na wikendi hayupo. Je, tunaruhusiwa kukaa na dawa wodini? Tuweke ngapi? Diazepamu kuzidi ni kosa gani, si afadhali zimezidi kuliko kupungua? Na usiku tukiishiwa dawa za kawaida, tunaweza kukopa kwenye trei?”*

Ndugu yangu, nianze na agizo la mmiliki, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuua mtu wiki hii. Naelewa lilikotoka. Ameaibika mbele ya mkaguzi, amesikia kwamba dawa zimekaa bila mwangalizi, akaona dawa ya tatizo ni kufuli. Lakini mwambie, kwa heshima na kwa maandishi ikibidi, kwamba mkaguzi hakulalamika kuwa dawa ziko karibu mno na wagonjwa. Alilalamika kwamba hakuna aliyejua kilichomo ndani ya trei. Kuzihamisha hakuondoi ujinga huo, kunauhamishia stoo tu, na wodi inabaki mikono mitupu kuanzia saa kumi jioni.

Mtu aliyepata mshtuko wa mzio baada ya sindano ya penisilini hana muda wa kumsubiri mtu atoke nyumbani na ufunguo. Mishipa yake ya damu imelegea yote kwa pamoja, maji ya damu yanavujia nje ya mishipa, koo linavimba, mapafu yanabana. Adrenalini ndiyo dawa pekee inayorudisha yote hayo kwa mara moja: inakaza mishipa, inapunguza uvimbe, inafungua njia za hewa na kuusukuma moyo. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na chlorpheniramini hutuliza mwasho bila kuinua presha. Nalitaja hili makusudi. Adrenalini ikifungiwa mbali, mhudumu aliyebanwa huchoma kile kilicho karibu, yaani hizo mbili, na dakika za kumwokoa mtu zinapita huku kila mmoja akiamini matibabu yameanza.

Dawa kukaa wodini

Dawa kuwa wodini si kosa. Kosa ni dawa kuwa wodini bila orodha, bila kumbukumbu na bila mtu anayewajibika nayo. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, inayosimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ndiyo inayogusa ubora wa dawa, utunzaji wake na namna ya kuiharibu ikishapita muda. Sheria ya Famasi ya 2011, kupitia Baraza la Famasi, inawahusu wanataaluma wa dawa na kazi yao. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inaingia pale penye dawa za tiba zenye asili ya kulevya. Halafu kuna Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021, ambao umezipa dawa herufi kulingana na ngazi ya kituo: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa hospitali ya mkoa, na S kwa huduma za kibingwa. Kabla ya kuandika dawa yoyote kwenye orodha ya trei yenu, fungua orodha hiyo uangalie herufi yake. Mnapotaka dawa iliyo juu ya ngazi yenu, hilo ni la kujadili na mfamasia wa wilaya, si la kuamua wodini.

Njia ya kufikiri inayosaidia ni hii: dawa za dharura ni mali ya famasi iliyoazimwa wodi. Famasi inajua imeazima nini, kiasi gani, toleo namba ngapi (namba ya fungu la uzalishaji iliyo kwenye lebo) na mwisho wake lini. Wodi inaahidi mambo mawili: haitaifungua bila dharura, na ikiifungua itasema. Chombo cha kulinda ahadi hiyo ni lakiri ya plastiki yenye namba, ile inayokatika kwa mkono au kwa mkasi. Lakiri haimcheleweshi mtu hata nusu dakika, lakini haiwezi kurudishwa ikishakatwa. Kufuli humzuia mwenye haja na asiye na haja kwa pamoja. Lakiri humruhusu mwenye haja, kisha inamdai maelezo.

Tuweke ngapi

Usitafute namba moja inayofaa vituo vyote, wala usinakili orodha ya hospitali ya mkoa. Namba inatokana na maswali mawili. Mgonjwa mmoja aliye mahututi hutumia kiasi gani mpaka atulie au afike hospitali ya rufaa? Na kati ya sasa na siku famasi itakapoweza kujaza, wanaweza kuja wangapi? Kwenu swali la pili lina jibu la wazi: kuanzia Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 64. Trei yenu lazima istahimili saa 64 bila msaada.

Chukua adrenalini ya 1 mg kwa ml, ampuli ya ml 1. Mtu mzima mwenye mshtuko wa mzio anachomwa 0.5 mg kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na kurudiwa kila baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Hapo ampuli mbili zinaonekana nyingi. Sasa fikiria moyo uliosimama: 1 mg kwenye mshipa kila dakika 3 hadi 5. Kazi ya kuhuisha ya dakika 20 inakula ampuli 4 hadi 7 kwa mgonjwa mmoja. Ampuli mbili zenu, hata zingekuwa hazijapita muda, zingeisha kabla mganga wa zamu hajavaa glavu. Ampuli 10 ni kiasi cha busara kwa kituo cha ukubwa wenu. Na weka karibu yake bomba za sindano za ml 1, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 6 anapata 0.15 mg na wa miaka 6 hadi 12 anapata 0.3 mg. Kupima 0.15 ml kwa bomba la ml 5 ni kubahatisha.

Magnesiamu salfeti inastahili nafasi zaidi, maana ndipo kosa lenu lilipokuwa kubwa kuliko yote, hata kuliko adrenalini iliyopita muda. Dozi ya kuanzia ya mama mwenye kifafa cha mimba ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila tako. Ampuli ya asilimia 50 yenye ml 10 ina gramu 5, kwa hiyo ampuli 3 zinatosha dozi ya kuanzia. Lakini ipo pia ampuli ya ml 2 yenye gramu 1, na hapo unahitaji 14. Nyinyi mlikuwa na 4 za gramu moja. Mama angepata dozi ya mshipa, degedege lingetulia, wote mngeshusha pumzi, kisha mngekwama kwenye dozi ya matako na degedege lingeweza kurudi akiwa njiani kwenye gari la wagonjwa. Orodha iliyosema “ampuli 4” haikudanganya mtu. Ilikosa kusema nguvu ya dawa. Kila mstari wa orodha uandikwe jina, nguvu, ujazo, kisha idadi: “Magnesiamu salfeti 50%, ampuli ya ml 10 (gramu 5), ampuli 8.” Nane kwa sababu mama mmoja anahitaji 3 za kuanzia na moja ya gramu 5 baada ya saa nne kama rufaa imechelewa, na ndani ya saa 64 mnaweza kupata akina mama wawili.

Dawa hiyo haitumiki peke yake, na hapo trei nyingi huanguka. Ile dozi ya mshipa lazima izimuliwe hadi asilimia 20: ml 8 za dawa na ml 12 za maji ya sindano, jumla ml 20, zinazochomwa polepole, si chini ya dakika 5. Dozi za matako ni ml 10 kila upande pamoja na ml 1 ya lignokaini ya asilimia 2 ndani ya bomba hilohilo, kwa hiyo bomba la ml 10 halitoshi. Unahitaji bomba tatu za ml 20, maji ya sindano, lignokaini, na kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ampuli ya ml 10, ambayo ndiyo kinza-sumu yake pumzi ya mama ikianza kushuka. Vyote hivyo vifungwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonekana ndani, ukiwa na karatasi ya hatua. Na karatasi iseme kabla ya kila dozi ya kurudia angalia mambo matatu: goti linaruka likigongwa, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, mkojo si chini ya ml 30 kwa saa.

Nyingine utazikokotoa kwa njia hiyohiyo. Oksitosini nayo ina mtego wa nguvu mbili, uniti 5 na uniti 10 kwa ampuli: mama anayevuja damu anaweza kuhitaji uniti 20 ndani ya lita ya dripu juu ya zile 10 alizopewa mtoto alipotoka. Asidi ya traneksami ni gramu 1 kwa mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na gramu nyingine kama damu inaendelea baada ya dakika 30, kwa hiyo weka gramu 2 kwa kila mama. Dekstrozi ya asilimia 50 iwepo, lakini mtoto asichomwe ikiwa hivyo hivyo, maana inaunguza mshipa. Izimuliwe, sehemu moja ya dawa kwa nne za maji ya sindano, ipatikane asilimia 10, kisha ml 5 kwa kila kilo. Dripu za chumvi au Ringer, kanula za saizi zote, haidrokotisoni, salbutamoli ya kupulizia, furosemidi, atropini, diazepamu. Hiyo inatosha. Trei yenye dawa 40 ni mbaya kuliko yenye 15, kwa sababu mkono unaotetemeka lazima upekue.

Kuna moja isiyotakiwa kamwe kwenye trei: potasiamu kloridi kali, ile ambayo lazima izimuliwe kwanza. Ampuli zake hufanana na za maji ya sindano kiasi cha kumchanganya mtu aliyelala usingizi wa kutosha, sembuse wa zamu ya usiku. Ikichomwa bila kuzimuliwa inasimamisha moyo. Hakuna dharura ya kituo cha afya inayoihitaji kwa sekunde. Ibaki famasi, imetengwa, na lebo nyekundu.

Joto, mwanga na friji

Adrenalini haipendi mwanga wala joto. Itunzwe chini ya nyuzi 25, ndani ya boksi lake. Ikianza kugeuka rangi ya waridi au kahawia, imeharibika hata kama tarehe bado. Toroli la trei lililopangwa dirishani, au kando ya mashine ya kuchemshia vyombo, linaweza kupita joto hilo kila mchana. Nunua kipimajoto cha kawaida, ukining’inize kwenye toroli, usome wiki moja mchana na usiku kabla hujaamua toroli likae wapi.

Oksitosini mnayoiona kwenye trei nyingi haifai kukaa hapo. Inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikikaa kwenye joto la wodi inapoteza nguvu polepole bila kubadilika rangi. Muuguzi anachoma, mfuko wa uzazi haukazi, anadhani mama ana tatizo lingine. Itunzwe friji ya leba, mahali maalumu, na kwenye trei iwekwe kadi: “Oksitosini ipo friji ya leba, rafu ya pili, boksi la bluu.” Kadi hiyo ihesabiwe kama dawa kwenye orodha.

Na tafadhali, msijaze bomba za sindano mapema “ili kuokoa muda”. Bomba lisilo na lebo halina jina, halina toleo, halina tarehe, na dawa nyingine kama diazepamu hunata kwenye plastiki na kupungua nguvu. Muda unaokolewa kwa mpangilio: kila dawa kwenye kichumba chake, bomba na sindano yake pembeni, jina na nguvu zimeandikwa kwa herufi kubwa. Andikeni “1 mg/ml”, si “1:1000”, kwa kuwa uwiano huo humlazimisha mtu kupiga hesabu wakati mbaya.

Diazepamu mbili zilizozidi

Hapana, si afadhali. Kuzidi ni kosa sawa na kupungua, na wakati mwingine ni baya zaidi kwa sababu halimshtui mtu. Fikiria zimetoka wapi. Inawezekana mgonjwa aliandikiwa, ikasainiwa kwamba amechomwa, na hakuchomwa. Inawezekana ndugu walinunua nje, zikabaki, mtu mwenye nia njema akaziweka kwenye trei “zisipotee”. Hizo za pili hazina kumbukumbu ya zilikonunuliwa wala zilivyotunzwa, na TMDA ikitangaza kuondoa toleo fulani sokoni hamtajua kama mnalo. Inawezekana pia mtu anarudisha kidogokidogo alichochukua. Leja haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo. Uchunguzi utakwambia: soma faili za wagonjwa wote walioandikiwa diazepamu tangu hesabu ya mwisho iliyokubaliana, linganisha kila dozi na leja, na linganisha toleo namba za ampuli saba na zile famasi ilizotoa. Kwa kituo cha vitanda 20 hiyo ni kazi ya nusu siku.

Usisawazishe leja ili ifanane na kilichopo. Kama kuna aliyeandika kosa, apige mstari mmoja juu yake, lisomeke bado, aandike sahihi pembeni, asaini na kuweka tarehe. Kufuta kwa wino mweupe kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa kunageuza kosa la hesabu kuwa jambo la polisi.

Kuhusu mahali pa kukaa: diazepamu chache, idadi isiyobadilika, zinaweza kuwa ndani ya sanduku la dharura, yaani trei yenu ikiwa imefungwa kwa lakiri, kwa sababu degedege halisubiri, ila ziwe na ukurasa wake kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa na zihesabiwe kila sanduku linapofunguliwa. Muulizeni mfamasia wa wilaya au ofisi ya TMDA ya kanda yenu wathibitishe utaratibu huo kwa kituo chenu kabla ya kuuanza. Pethidini na mofini ni habari nyingine: kabati la milango miwili, kila mlango na ufunguo wake, ufunguo ukae mwilini mwa kiongozi wa zamu, si kwenye droo, na kila ampuli isainiwe na watu wawili. Nusu ampuli ikibaki, imwagwe mbele ya shahidi na iandikwe kiasi kilichomwagwa.

Kukopa usiku

Hapa ndipo trei yenu ilipoanza kuharibika, naamini, muda mrefu kabla ya mkaguzi kufika. Famasi ikifungwa saa kumi na mgonjwa akahitaji sindano ya maumivu saa tatu usiku, trei ndiyo famasi pekee iliyo wazi. Anayekopa si mwizi, ana mgonjwa mbele yake. Kumkataza bila kumpa njia nyingine ni kumfundisha kukopa kwa siri.

Tenganisheni dharura na haraka. Dharura ni ile ambayo mgonjwa anaweza kufa au kuumia kwa kudumu ndani ya dakika chache. Haraka ni ile inayohitajika usiku huu lakini inaweza kusubiri nusu saa: dozi ya kwanza ya antibayotiki, atesuneti ya malaria kali, dawa za maumivu, dripu za kawaida. Za haraka ziwe kwenye kabati la usiku, lenye kufuli, ufunguo kwa kiongozi wa zamu, orodha fupi yenye idadi, na daftari: saa, namba ya faili, dawa, kiasi, sahihi. Mteknolojia dawa akifika asubuhi anasoma daftari, anajaza, anahamisha hesabu kwenye leja yake. Kabati hilo likianza kufanya kazi, utaona lakiri ya sanduku la dharura inakaa wiki nzima bila kuguswa.

Mzunguko wa lakiri

Pendekezo langu ni kuwa na masanduku mawili yanayofanana kabisa. Moja liko kwenye toroli, la pili limejaa na kufungwa, liko ofisi ya kiongozi wa zamu. Mmiliki atauliza gharama, na ni haki yake. Dawa nyingi kati ya hizi si za bei kubwa, lakini baadhi zitapita muda bila kutumika, na ni vizuri kumwambia hivyo mapema badala ya kumficha. Aiweke kwenye bajeti kama anavyoweka kizimamoto. Kama fedha haitoshi kabisa, anzeni na sanduku moja, mjaze kwa mafungu yaliyofungwa tayari, lakini hapo mtahitaji mtu wa famasi anayepatikana kwa simu wikendi. Sanduku la pili ni rahisi kuliko mshahara wa mtu huyo.

Nje ya kila sanduku bandikeni karatasi moja: yaliyomo na idadi, tarehe ya mapema zaidi ya kuisha muda kati ya dawa zote za ndani, namba ya lakiri, jina la aliyefunga. Toleo namba za kila dawa ziandikwe kwenye nakala inayobaki famasi. Kila zamu inapokabidhiana, muuguzi anasoma namba ya lakiri, anaangalia haijakatwa, anatazama tarehe ile moja, anapima mtungi wa oksijeni, anaminya mfuko wa kupumulisha, anasaini. Haihitaji kufungua. Kuhesabu ampuli kila zamu kunachosha, na kinachochosha huishia kusainiwa bila kuangaliwa.

Likifunguliwa, anayetibu atibu. Karatasi zisubiri. Lakini kabla zamu haijaisha fomu ya matumizi iandikwe: namba ya faili, kila dawa na kiasi, saa, aliyeagiza na aliyechoma. Agizo la mdomo lisainiwe na mganga kabla hajaondoka. Sanduku lililofunguliwa lifungwe kwa lakiri ya rangi nyekundu, maana yake “limetumika, halijajazwa”, na la akiba lishike nafasi yake kwenye toroli. Famasi pekee ndiyo yenye lakiri za kijani, nazo zihesabiwe kwa namba na kutunzwa kwa kufuli. Huko ndiko kufuli la mmiliki linakofaa. Mtu yeyote akiweza kuchota lakiri ya kijani kwenye droo, mfumo wote umekwisha.

Mara moja kwa mwezi mteknolojia dawa afungue masanduku yote mawili hata kama lakiri ni nzima, ahesabu, atazame rangi na nyufa za ampuli. Dawa iliyobakiza miezi mitatu aitoe aipeleke inakotumika upesi ndani ya kituo, na aweke yenye muda mrefu. Ampuli iliyoandikwa mwezi na mwaka tu, kama 06/2027, inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Zilizopita muda zitolewe siku hiyohiyo, zitengwe kwenye boksi lenye maandishi “zimepita muda, zisitumike”, ziandikwe, na ziombewe kibali cha kuharibiwa chini ya usimamizi wa TMDA. Zisimwagwe chooni wala zisichomwe shimoni nyuma ya kituo.

Nani anawajibika? Mganga mfawidhi anajibu kwa ajili ya kituo kizima na ndiye anayesaini orodha. Mteknolojia dawa anajibu kwa kilichomo ndani ya lakiri ya kijani. Wewe na viongozi wa zamu mnajibu kwa lakiri yenyewe na kwa fomu ya matumizi. Mkaguzi akikuta lakiri ya kijani nzima na ndani yake adrenalini iliyopita muda, swali hilo si lako tena.

Usikae na haya peke yako

Kuna mambo ambayo maelezo ya maandishi hayatoshi. Ile tofauti ya diazepamu, baada ya kusoma faili, kama haijapata maelezo, mganga mfawidhi aiwasilishe kwa maandishi kwa mfamasia wa wilaya na kwa TMDA kanda bila kungoja ukaguzi wa marudio. Ikitokea pethidini au mofini imepungua, hata ampuli moja, ripoti itoke siku hiyohiyo. Na kama mmiliki atashikilia agizo la kufungia dawa zote stoo, mpigie simu Mganga Mkuu wa Wilaya leo, na mpaka atakapoamua ombeni walau adrenalini, magnesiamu salfeti na mfuko wake, dekstrozi na dripu vibaki wodini chini ya lakiri.

Kwa wiki hii, toeni zilizopita muda, hesabuni upya mbele ya watu wawili, andikeni orodha yenye nguvu na ujazo, nunueni lakiri za rangi mbili. Kisha fanyeni zoezi moja usiku, bila kutangaza: mtu aseme “mgonjwa wa kitanda cha tatu ana mshtuko wa mzio,” na saa ianze kuhesabu mpaka 0.5 ml ya adrenalini iwe ndani ya bomba. Ikizidi dakika moja, tazameni alipokwama: huenda ni mkasi wa kukata lakiri haupo, au bomba la ml 1 liko chumba kingine. Rekebisheni hapo, rudieni usiku unaofuata na zamu nyingine. Matokeo hayo, orodha iliyosainiwa na jina la mtu atakayefungua masanduku kila mwanzo wa mwezi, ndivyo mumpelekee mfamasia wa wilaya kabla mkaguzi hajarudi.